Njia Zipo, Tuziunganishe: Baiskeli Kati ya Malindi, Jilore na Gede

Mhadhara kwa waongoza wageni, wakulima na waendesha baiskeli, Malindi

Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mliokuja na helmeti mkononi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya njia za baiskeli zisizopitiwa na magari, zile za vumbi na changarawe zinazokata msitu, zikapita kando ya maziwa na katikati ya mashamba. Najua kuna waliokuja wakitarajia niombe kaunti itengeneze barabara. Siombi. Nikiomba chochote leo, nitaomba zilizopo zisiguswe.

Toka hapa mjini uelekee Ganda, kisha uiache lami. Utakuta vijia vya kuteka maji, vya watoto wa shule, vya mkaa, vya maembe msimu wake ukifika. Mgema anayeshusha madumu ya mnazi alfajiri, amefunga mawili kwenye karia na jingine linaning'inia, hathubutu kushindana na matatu kwenye barabara kuu. Ana kijia chake hadi mangweni, na anajua mahali pa kushuka akasukuma. Ukitaka ramani ya njia bila magari, anza kwa mtu huyo kabla hujafungua simu yako.

Wenzetu wa Missouri, Marekani, walipata bahati ya namna nyingine. Treni za kampuni ya MKT ziliacha kupita kwenye reli yao mwaka 1986, na mahali pa reli pakafanywa njia ya baiskeli na miguu, Katy Trail, yenye urefu wa kilomita 386 hivi, imetandazwa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Ni njia laini, tena haina milima mikali, maana treni haipendi mlima. Lakini tazameni siri yake: reli ilikuwa na mwenyewe mmoja. Ukikubaliana naye, kazi imekwisha nusu. Kijia cha Ganda hubadilisha mwenyewe kila baada ya mihogo ya huyu na minazi ya yule. Kwa hiyo kwetu sisi njia hujengwa kwa mazungumzo, na mazungumzo hayo hayana mkandarasi.

Mfano unaofanana nasi zaidi ni Kansas, hukohuko Marekani. Mji wa Emporia umekuwa na mashindano ya baiskeli tangu 2006 ambayo masafa yake makuu ni kama kilomita 322, karibu yote kwenye barabara za vumbi za wakulima. Hakuna aliyezitengeneza kwa ajili ya baiskeli. Hapa kwetu Kenya mashindano ya namna hiyo yalianza Maasai Mara mwaka 2021, na marehemu Sule Kangangi, aliyefariki Agosti 2022 akiwa kwenye mashindano Vermont, alikuwa mmoja wa waliowaonyesha vijana wetu kwamba mchezo huu ni wao pia.

Na mkiambiwa kwamba lazima muwe na baiskeli ya laki kadhaa, chekeni kidogo. Baiskeli mpya za changarawe nyingi huja na tairi za milimita 40 hivi. Ile Black Mamba ya babu yako, tairi yake ni inchi moja na nusu. Piga hesabu. Kinachoipunguzia nguvu ni uzito, gia moja na breki za vyuma, ambazo zikikutana na mteremko na mvua, msalie Mtume.

Sasa tuingie msituni, maana hapo ndipo kuna maneno.

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Wageni huusifu kwa ndege, na kwa sange yule wa makalio ya manjano anayerukaruka kwenye majani makavu. Mwendesha baiskeli lakini huusoma kwa magurudumu. Ukiingia kutoka upande wa barabara kuu, unaanza na msitu mchanganyiko, mibambakofi ikiwemo, na ardhi inabeba vizuri. Mbele kidogo unaingia kwenye miti ya mirihi. Miti imeachana, mwanga unashuka, panapendeza kweli, na chini ni mchanga mweupe usio na rutuba. Hapo tairi nyembamba inazama. Punguza upepo kwenye tairi mpaka uibonye kwa dole gumba, keti nyuma kidogo, kanyaga kwa gia nyepesi bila kukatiza, wala usikate kona ghafla. Ikishindikana, shuka usukume. Mgema naye hushuka.

Ukizidi kwenda magharibi, udongo unageuka mwekundu. Kipindi cha ukavu ni mgumu kama sakafu, baiskeli inakwenda kwa wepesi. Ikinyesha, udongo huohuo unaganda kwenye tairi na breki hata gurudumu linakataa kuzunguka. Ndiyo maana mimi simpeleki mtu huko wakati wa masika, Aprili hadi Juni, hata akilipa mara mbili. Mchanga mweupe, kinyume chake, hupendeza siku moja baada ya mvua, maana umeshikana. Kwa hiyo njia moja haifai mwaka mzima, na anayechora ramani achore mbili.

Ndovu wamo. Baiskeli haina mlio, na hilo ndilo tatizo: unaweza kumfikia mnyama kabla hajajua kuwa upo. Ingieni kwa lango, lipeni, mchukue mwongozaji, pigeni kengele kwenye kona, na zungumzeni. Kimya cha msitu mtakisikiliza mkisimama.

Upande wa kaskazini, ukitoka Jilore, unashuka kwenye bonde la Sabaki na ziwa la Jilore. Ziwa hili linategemea mto: Sabaki ikifurika linajaa, ukame ukizidi linapungua hata kukauka. Mkimwahidi mgeni viboko na ndege, kwanza mpigie simu mtu wa Jilore muulize kama kuna maji. Kando yake ni mashamba, na vijia vyake vimejaa mbigili. Beba tyubu ya akiba, viraka, sulisheni na pampu. Fundi wa baiskeli yuko kituoni, si kwenye mahindi.

Mpaka hapo mambo ni mazuri. Ubaya wa safari hii uko mahali pawili, na sipendi tunapopaficha. La kwanza ni daraja la Sabaki. Anayetaka kwenda kaskazini, Magarini na Marafa, hana budi kulivuka pamoja na malori, na hakuna kijia cha kumwokoa. Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba mzunguko wetu wa kwanza ubaki kusini ya mto. La pili ni kuvuka barabara kuu ya Mombasa pale Gede, ili ufike magofuni au uteremke Mida kwenye mikoko. Unaweza kwenda asubuhi nzima bila kuona gari, kisha roho yako ikategemea nusu dakika. Kama kaunti ina fedha za matuta na alama, zote ziende hapo. Sentimita moja ya lami isimwagwe Ganda kwa jina letu. Lami ikifika, pikipiki zitaifuata siku hiyohiyo.

Na fedha za wageni zishukie wapi? Pembezoni mwa msitu. Mradi wa Kipepeo umekuwa Gede tangu 1993. Wakulima wanafuga vipepeo na pupa wao, kabla hawajatoka mabawa, wanauzwa ng'ambo, na msitu umebaki kuwa na faida ukiwa umesimama. Sheria ya Misitu ya 2016 inavitambua vyama vya jamii vya misitu. Basi dafu, chai, mahamri, mahali pa kuegesha na kulinda baiskeli, vyote viwe mikononi mwa hao wanaokaa kwenye njia. Mwenye shamba ambaye mtoto wake anauza madafu hatafunga kijia kwa miiba.

Jambo la upepo, halafu nikae. Kusi ikivuma, anzeni kwa kwenda Gede asubuhi mkiwa na nguvu, mkipigana nao, uwasukume mkirudi Malindi. Kaskazi ikiingia, mambo hugeuka: kurudi ndiko kutakakokuwa na kazi, kwa hiyo ondokeni saa kumi na mbili ili saa nne iwakute mmeshageuza.

Ramani niliyochora iko pale mezani pamoja na kalamu. Mwenye kujua kijia ambacho sikukiweka akichore, aandike ni shamba la ukoo gani, na kama kuna kisima, kiko upande upi.