Fungua Mfuko Kwanza, Mashine Baadaye

Ndugu wenyeviti wa mitaa, watendaji, mama zangu na vijana wa vikundi vya usafi, hamjambo.

Kila nikialikwa kuzungumzia taka hapa Dar es Salaam, swali la kwanza huwa: "Mtaalamu, tununue mtambo gani?" Leo naomba mnijibu ninyi kwanza. Taka zenu ni zipi?

Wiki iliyopita nilimwaga juu ya turubai mfuko mmoja uliotoka nyumba ya wapangaji. Ulitoka ugali wa jana, maganda ya ndizi mbichi, vichwa vya dagaa, machicha ya nazi. Chini kabisa palikuwa na nepi mbili, chupa ya maji na betri ya redio. Nikapima kwa mzani wa kuning'iniza. Katika kilo tano, kilo tatu na nusu zilikuwa vitu vya kuoza, na vilikuwa vikichuruzika maji.

Taka za namna hiyo haziwaki. Moto humaliza nguvu zake kukausha maji kabla haujatoa hata cheche ya umeme. Najua mmesikia habari za Addis Ababa, walikofungua mtambo wa kuchoma taka mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya jalala la Koshe kuporomoka na kuua watu zaidi ya 110. Lakini ule ulibuniwa kumeza tani 1,400 kwa siku. Ni mtambo wa jiji zima. Kata yenye watu 20,000, tukikadiria nusu kilo kwa kila mtu, inatoa tani 10. Na vile vitanuri vidogo vya matofali visivyo na chujio la moshi, jamani, tusivijenge karibu na watoto. Plastiki ikiungua humo hutoa sumu inayokaa mwilini miaka mingi.

Kwa mifuko kama ule, mimi napendekeza mboji, yaani mbolea ya vitu vilivyooza. Haihitaji umeme wala fundi wa kutoka nje. Inataka kivuli, sakafu isiyotuamisha maji, na mtu wa kuigeuza. Lundo liwe na urefu, upana na kimo cha mita moja au zaidi, la sivyo halipati joto. Maganda mabichi yachanganywe na majani makavu au maranda ya seremala. Ukikamua konzi moja, litoke tone moja au mawili. Likitiririka, ongeza makavu. Baada ya siku chache chomeka nondo katikati ya lundo, subiri dakika kumi, uichomoe na kuishika pale ilipokuwa ndani. Ikikuunguza ukaiachia, furahi: joto limepanda, na likipita nyuzi 55 kwa siku kadhaa, vijidudu na mbegu za magugu hufa. Mabibo, zinakoshuka ndizi, mali ghafi ya kazi hii imelala chini kila asubuhi.

Mfugaji wa kuku anaweza kutumia funza wa nzi askari weusi, wanaokula mabaki kwa muda wa wiki mbili hivi kisha wakawa chakula cha kuku. Biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na mabaki yanayooza, nayo ni nzuri kwa shule au soko lenye maji na mabaki safi kila siku.

Nimeona kata iliyopewa mashine ya kusaga plastiki. Ilihitaji umeme wa fezi tatu, na ofisi haikuwa nao. Mashine ikafunikwa maturubai, kuku wakatagia chini yake. Iliniuma, kwa sababu mita 100 kutoka pale walikuwapo vijana wanaookota chupa kila siku, wanazijua bei na wanunuzi, na hakuna aliyewauliza. Wangepewa kibanda cha kuhifadhia na mzani, chupa za kata nzima zingepata pa kwenda.

Nepi, betri na vioo vitabaki, na hivyo lazima viende dampo. Lakini kutoka Tegeta hadi Pugu Kinyamwezi, liliko dampo, ni zaidi ya kilomita 30. Kila tani ya maganda mnayoigeuza mboji hapa mtaani ni dizeli ambayo ada ya taka ya mama ntilie haitailipia.

Basi kesho saa moja asubuhi tukutane nyuma ya ofisi ya kata. Turubai lipo, mzani upo, glavu nitaleta. Kila mwenyekiti aje na mifuko mitano kutoka nyumba tano tofauti, ikiwa imefungwa vilevile ilivyotoka. Msiichambue njiani.