Je, Methadoni Ndiyo Inayoozesha Meno?

NEEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Mwanza na kandokando yote ya Ziwa. Kaka Kulwa, kuna neno linazunguka vijiweni: methadoni, ile dawa ya kunywa wanayopewa wanaoacha heroini, inang'oa meno. Mtu akiliamini, anaacha dozi.

KULWA: Na akiacha dozi anarudi kwenye unga, yaani heroini, dada Neema. Heroini inaua maumivu vibaya sana. Jino linaweza kuoza mpaka kwenye mshipa wa fahamu na mtumiaji asisikie kitu. Methadoni nayo inatuliza maumivu, ila kwa saa 4 hadi 8 tu, ingawa inazuia arosto, yale mateso ya kukosa unga, siku nzima. Dozi amekunywa asubuhi, jioni jino linapwita. Shimo lilikuwepo siku nyingi.

NEEMA: Kwa hiyo methadoni haina kosa lolote?

KULWA: Inalo, tusidanganyane. Heroini, methadoni na bangi, zote zinakausha mate. Mtu mzima hutoa mate nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na ndiyo yanayosafisha asidi na kurudisha madini kwenye jino. Asidi kinywani ikizidi, kwa kipimo chake pH ikishuka hadi 5.5 hivi, gamba la jino linaanza kuyeyuka. Sasa kinywa kikavu, halafu soda, halafu chai yenye vijiko vinne vya sukari, maana unga na methadoni huleta hamu ya vitamu. Ndiyo maana unakuta meno yameoza shingoni, pale yanapokutana na fizi, hata ya mbele.

NEEMA: Kanda ya Ziwa wengi wakiona jino la kahawia wanasema ni maji ya kisima.

KULWA: Doa la floridi, madini yaliyomo kwenye maji hayo, ni gumu, jino liliota nalo, na mara nyingi meno ya kushoto na kulia yanafanana. Uozo ni laini, unanasa chakula, na unapanuka.

NEEMA: Mirungi je?

KULWA: Shavu moja saa nyingi: fizi za upande ule zinashuka, taya linauma. Ugoro na kuberi, tumbaku za kuweka mdomoni, naviogopa zaidi, kwa ajili ya saratani. Baka jeupe lisilofutika pale unapoweka, likipita wiki 2, kakaguliwe.

NEEMA: Anayekunywa dozi ya methadoni kila siku pale hospitali ya Sekou Toure afanyeje?

KULWA: Akishakunywa, apitishe maji kinywani na kuyameza. Mswaki asubiri dakika 30, kwa sababu dawa nyingine za maji zina asidi na gamba linakuwa limelainika. Akitapika, vivyo hivyo. Apige mswaki mara 2, ule wa usiku usikose, kwa dawa ya meno yenye floridi ppm 1,000 hadi 1,500. Imeandikwa kwenye boksi. Ateme tu, asisukutue, floridi ibaki kazini. Na chupa ya maji iwe mkononi badala ya soda.

NEEMA: Maumivu yakibana usiku?

KULWA: Parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini, na wengi waliojidunga wanao homa ya ini C, aulize kliniki kwanza, kipimo chake ni kidogo zaidi. Tramadoli asiiguse kabisa! Ikikutana na methadoni inaweza kuzima pumzi au kuleta degedege. Na akiwa na fangasi ya kinywa, ule utando mweupe, amwambie mfamasia kwamba anakunywa methadoni. Flukonazoli, dawa ya fangasi, inaipandisha methadoni kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Matone ya nistatini ni salama zaidi.

NEEMA: Na daktari wa meno aambiwe?

KULWA: Aambiwe, na saa ya mwisho kutumia. Aliyevuta kokeini ndani ya saa 24 akichomwa ganzi yenye adrenalini, moyo unaweza kugoma. Wa methadoni anywe dozi yake kama kawaida hata siku ya kung'oa. Na wenzangu wa kliniki za meno, kumwambia mtu "rudi ukishaacha" ni kumsukuma akatafute kete ya unga ya kutuliza jino.

NEEMA: Nini hakingoji kesho?

KULWA: Uvimbe chini ya taya, ulimi kuinuliwa, kinywa kutofunguka, kushindwa kumeza mate. Usaha umeshashuka kuelekea shingoni, njia ya hewa inaweza kuziba. Aende Bugando au hospitali ya karibu usiku huohuo, asisubiri muda wa dozi.