Wakala Wako Anaongea na Nani kwa Jina Lako?

NEEMA: Karibuni tena kwenye kipindi, tunazungumza nanyi kutoka hapa Arusha. Kampuni ya utalii ya hapa mjini, au ya kahawa pale Moshi, imepata mteja Uingereza. Kabla ya mkataba mteja anatuma maswali: wasambazaji na mawakala wenu mnawahakiki vipi dhidi ya rushwa? Kaka Eli, waanzie wapi?

ELI: Waanzie kwa mhasibu, dada Neema. Achapishe orodha ya wote waliolipwa mwaka uliopita. Kila jina liulizwe swali moja: huyu anaonana na ofisa wa serikali kwa niaba yetu? Mama anayeleta mboga kutoka soko la Kilombero, hapana. Wakala wa forodha anayetoa vipuri mpakani, Namanga au Holili, ndiyo. Anayefuatilia vibali vya kazi, ndiyo. Anayeshughulikia hati ya kiwanja, ndiyo. Hao ndio wa kuchimba kwa kina.

NEEMA: Wengi wanamtumia kila mtu dodoso lile lile, mpaka fundi bomba. Majalada yanajaa, hayasomwi, na wakala wa forodha anapita kama wengine.

ELI: Sasa, kwa huyo wakala. Taarifa za kampuni yake ziombe mwenyewe BRELA, wanaosajili kampuni nchini, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, usitegemee nakala anayokuletea, maana hisa huenda zimeshahama. Linganisha jina la BRELA, la TIN, yaani namba ya mlipakodi, la leseni ya uwakala wa forodha ya mwaka huu kutoka TRA, mamlaka ya kodi, na la akaunti ya benki. Yote manne yafanane. Akisema ulipe kwenye simu ya mtu binafsi au akaunti ya shemeji yake, simama hapo hapo.

NEEMA: Na mwenye kampuni halisi?

ELI: Sheria ya Fedha ya 2020 ilizitaka kampuni zitoe BRELA taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu wanaonufaika hasa, hata kama majina ya mbele ni mengine. Mwombe nakala ya tamko lake. Kisha uliza kwa maandishi: kuna mwenye hisa au mkurugenzi aliye mtumishi wa umma, au ndugu yake wa karibu? Jibu la ndiyo halimfukuzi moja kwa moja. Linakulazimisha kujua ofisi ya huyo ndugu inagusa mzigo wako au la.

NEEMA: Hapa nawaomba wasikilizaji waijue kesi ya Standard Bank ya London, ya Novemba 2015, kwa sababu inatuhusu Watanzania. Serikali yetu ilikuwa inakopa dola milioni 600. Ada ilipanda kutoka asilimia 1.4 hadi 2.4, na ile asilimia moja, dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya hapa nchini iliyotajwa kuwa mshirika katika kazi hiyo.

ELI: Na mmoja wa wakurugenzi wake wenye hisa alikuwa mkuu wa mamlaka ya kodi wakati ule. Hakukuwa na ushahidi wa kazi iliyofanywa. Sehemu kubwa ya fedha ilitolewa taslimu ndani ya siku chache. Benki ya London iliutegemea uhakiki wa benki dada yake ya Tanzania, yenyewe haikuuliza. Ikashtakiwa chini ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya 2010, kosa la kushindwa kuzuia rushwa, na ikaingia makubaliano ya kuahirisha mashtaka, yaani kesi inasimamishwa ilimradi itimize masharti. Utetezi wa kifungu hicho ni mmoja: uonyeshe ulikuwa na taratibu za kutosha. Ndiyo maana mteja wako anakuletea maswali.

NEEMA: Kwa hiyo ukimpa mtu asilimia, jiulize analipwa kwa kazi gani.

ELI: Andika kazi na bei. Ada isiyobadilika kwa kila kontena au kila kibali. Malipo ya asilimia kwa matokeo yanampa wakala sababu ya kununua matokeo.

NEEMA: Tufike kwenye ankara, maana hapo ndipo mambo yanaonekana.

ELI: Chukua ankara ya kutoa vipuri. Mstari wa kwanza, ushuru na kodi. Wa pili, tozo za kuhifadhi mzigo. Wa tatu, ada ya wakala. Wa nne umeandikwa "uwezeshaji", shilingi 350,000. Ushuru unalipwa serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile watu wanaita kontroo namba, na uthibitisho wake uambatishwe. Ada ya wakala ina risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Uwezeshaji hauna chochote. Mhasibu asiulipe mpaka maelezo na risiti vije.

NEEMA: Atasema ni ya soda tu.

ELI: Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haina kiwango cha chini, na inamgusa hata anayetoa kupitia mtu mwingine. Uingereza nayo haina msamaha wa malipo madogo ya kuharakisha. Sheria ya Marekani ya 1977 dhidi ya kuhonga maofisa wa nchi nyingine ina mwanya mwembamba kwa huduma za kawaida za ofisi, lakini mwanya huo haukulindi hapa.

NEEMA: Kwenye mkataba?

ELI: Marufuku ya hongo ya kiasi chochote, haki yako ya kukagua vitabu vyake kuhusu kazi yako, wakala mdogo asiingizwe bila idhini yako ya maandishi, na haki ya kuvunja mkataba bila fidia. Uhakiki urudiwe kila mwaka kwa hawa wa hatari kubwa, na mara moja wanahisa wakibadilika.

NEEMA: Mimi naongeza jambo ambalo mafomu hayaliulizi. Kampuni inaagiza springi za magari ya safari mwishoni mwa Mei, wageni wanaanza kumiminika Juni, kisha bosi anampigia wakala: "Nataka mzigo kesho, sijui utafanyaje." Hiyo simu ndiyo inayozaa mstari wa uwezeshaji.

ELI: Kabisa. Agizeni Machi, na ratiba ya wakala iwe na siku za ziada za ukaguzi. Ofisa akidai fedha isiyo na kumbukumbu namba, wakala asitoe. Aandike siku, saa, kituo na maneno yaliyosemwa, awajulishe ninyi siku ile ile, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wapigiwe kwa 113, bila malipo. Na mzigo ukichelewa kwa sababu hiyo, gharama ya kuhifadhi ibebeni ninyi. Msimkate wakala.