Makabila Mengi Si Sababu ya Vita

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia nchi zenye makabila mengi na kwa nini baadhi yake huingia vitani. Kaka Musa, tumeanza kubishana kabla hata ya kuwasha maikrofoni. Hebu rudia ulichokuwa unasema.

MUSA: Nilisema hivi, dada Rehema: watu wakiuana, maelezo ya kwanza huwa kwamba wanachukiana tangu enzi za mababu. Siyakubali. Chukua Wachewa na Watumbuka, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Malawi na Zambia. Mila ni zile zile, lugha ni zile zile. Mtafiti Daniel Posner alilinganisha vijiji vya huku na huku, akachapisha matokeo yake mwaka 2004. Upande wa Zambia walijiona washirika. Upande wa Malawi walitiliana shaka, na wengi walisita kuozana au kumpigia kura mgombea wa kabila lile jingine.

REHEMA: Na mababu ni wale wale.

MUSA: Wale wale kabisa. Malawi, kila kundi ni kubwa kiasi kwamba chama kinaweza kulijenga kuwa ngome yake. Zambia yote mawili ni madogo, kwa hiyo mwanasiasa akiwagombanisha hapati kitu. Anawahitaji pamoja, kama watu wa mashariki.

REHEMA: Mfano mzuri, ila angalia: hao wa Malawi hawakushikiana mapanga. Kutiliana shaka ni jambo moja, kuua ni jingine. Mfano wako unaeleza ufa unatoka wapi, hauelezi damu.

MUSA: Sawa, nakupa hiyo. Damu ina masharti yake. Watafiti James Fearon na David Laitin, mwaka 2003, walichambua vita 127 vya wenyewe kwa wenyewe, vya kati ya 1945 na 1999. Ukishazingatia kipato cha nchi, wingi wa makabila hauongezi uwezekano wa vita. Walichokiona ni umaskini, serikali dhaifu, na milima ya kuficha waasi. Tena itazame Somalia, ambako karibu wote wana lugha moja na dini moja. Serikali ilipoanguka mwaka 1991, watu wakapigana ukoo kwa ukoo.

REHEMA: Hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana. Milima inaeleza kwa nini muasi hakamatwi. Haielezi kwa nini kijana aliyekuwa akisoma aache vitabu aingie msituni. Mimi nataka kujua nani amefungiwa mlango wa serikali. Kwangu mimi, Sri Lanka inafundisha kuliko nchi nyingine yoyote, kwa sababu unaweza kufuata mambo hatua kwa hatua.

MUSA: Tufuatishe.

REHEMA: Wasinhala ndio wengi, Watamil ni wachache. Wakati wa ukoloni wa Waingereza, Watamil wengi walisoma Kiingereza wakapata kazi serikalini. Mwaka 1956 mwanasiasa wa Kisinhala, S.W.R.D. Bandaranaike, akashinda uchaguzi kwa ahadi ya kufanya Kisinhala kuwa lugha rasmi pekee. Sheria ikapita mwaka ule ule. Sasa fikiria karani wa Kitamil anayeambiwa kazi yake inategemea lugha asiyoijua. Miaka ya sabini mwanzoni ikawa zamu ya vyuo vikuu: mwanafunzi wa Kitamil alitakiwa alama za juu kuliko mwenzake wa Kisinhala ili kuingia kozi ile ile. Vijana hao hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza kwamba wanabaguliwa. Walilisoma kwenye matokeo.

MUSA: Na mwaka 1976 likazaliwa kundi la waasi wa Kitamil, Tamil Tigers.

REHEMA: Ndiyo. Julai 1983 kundi hilo likawaua wanajeshi 13 huko Jaffna. Mji wa Colombo ukalipuka, nyumba na maduka ya Watamil yakachomwa. Jambo linaloniumiza hadi leo ni kwamba baadhi ya wachomaji walitembea na orodha za wapiga kura, ili wajue nyumba ipi ni ya Mtamil. Hasira za mtaani hazina orodha. Mtu alizitoa ofisini akawapa.

MUSA: Kwa hiyo kuna wapangaji, na kuna polisi wanaotazama pembeni. Hilo nalikubali bila ubishi. Ashutosh Varshney, aliyetafiti miji ya India, alilinganisha Aligarh, uliopata machafuko mara kwa mara, na Calicut uliobaki shwari. Calicut, Wahindu na Waislamu walikuwa pamoja katika vyama vya wafanyabiashara na vya wafanyakazi. Uvumi ukianza, watu wanaulizana na kuuzima kabla ya usiku. Mchochezi hapati pa kushikia.

REHEMA: Ila wangekuwa na sheria kama ile ya 1956, vyama hivyo vingehimili?

MUSA: Kwa muda, labda. Niulize nami: hakukuwa na nafasi ya kurudi nyuma?

REHEMA: Ilikuwepo. Mwaka 1957 Bandaranaike mwenyewe alitia saini makubaliano na kiongozi wa Watamil, Chelvanayakam, ya kuwapa mamlaka ya mikoa na kutambua lugha yao. Wapinzani wake wa Kisinhala wakamwita msaliti, watawa wa Kibudha wakaandamana, na mwaka 1958 akayafuta. Mwaka uliofuata aliuawa, na muuaji alikuwa mtawa wa Kibudha.

MUSA: Kitamil kikaja kuwa lugha rasmi lini?

REHEMA: Mwaka 1987, kwa marekebisho ya katiba. Vita iliyoanza na machafuko yale ya 1983 ilikuwa imeshatimiza miaka minne, na ilikwisha Mei 2009.