Kulifanya gari la petroli litumie E85
Karibuni. Gari hili ni la petroli, lina injekta (vinyunyizio vya mafuta), na leo tunalifanya litumie E85, mafuta yenye ethanoli hadi asilimia 85. Wengi huanza kwa kununua kile kiboksi cha umeme cha kuongeza mafuta yanayopita kwenye injekta. Kukifunga ni kazi ndogo, kitangoja.

Injini ikiwa ya baridi, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa gari, liache lizime lenyewe. Presha imekwisha. Sasa toa waya hasi wa betri. Kizimamoto kiwe karibu, si kule stoo.

Ingia chini ya gari, fuata mipira ya mafuta kutoka kwenye tangi mpaka kwenye injekta. Huu mpira wa kawaida ethanoli huuvimbisha, kisha ukapasuka. Weka mipira na oringi (pete za mpira za kuziba viungo) zilizoandikwa kuwa zinahimili ethanoli. Usibakize hata kipande kimoja cha zamani; hicho hicho ndicho kitakachovuja.

Sasa injekta. Kilo moja ya petroli huungua na hewa kilo 14.7, E85 haifiki hata kilo 10. Kwa hiyo injini itataka mafuta zaidi, theluthi moja au hata zaidi. Ikiwa kwa petroli, ukikanyaga ekseleta mpaka mwisho, injekta zako tayari hukaa wazi robo tatu ya muda, hazina tena nafasi. Tafuta kubwa zaidi, na pampu uipime pia.

Haya, kiboksi. Chomoa soketi ya kila injekta, ukipachike katikati ya soketi na injekta. Kazi yake ni kurefusha muda wa injekta kukaa wazi. Chukua chenye sensa ya ethanoli na ya joto, kwa sababu kukiwa na baridi ethanoli haigeuki mvuke upesi, na gari husumbua kuwaka asubuhi.

Rudisha fyuzi na betri. Fungulia swichi bila kuwasha injini, pampu ijaze presha, halafu pitisha tochi kwenye kila kiungo. Pakavu? Washa.

Tangi la kwanza changanya nusu kwa nusu na petroli. Ethanoli husomba uchafu wa miaka yote tangini, na mimi chujio liliniziba njiani, nikasukuma gari. Kwa hiyo beba chujio jipya. Taa ya injini ikiwaka na gari likikosa nguvu, mafuta hayatoshi: usilikanyage, rudi kwenye injekta.