Kipindi: Mkasi, Waya na Picha ya Atomu

KOMBO: Karibuni tena. Leo nina mada tatu, nimeziandika, nimezipigia mstari. Nyuso za vitu, nyenzo, molekuli za viumbe. Dada Mwana, naomba leo tufuate mpangilio.

MWANAIDI: Mpangilio usubiri. Wiki hii nimeudhika.

KOMBO: Haya, yameanza.

MWANAIDI: Kuna kijana ameingia maabara, bado mgeni kabisa. Kapewa waya wa platini na iridiamu, akaambiwa atengeneze ncha ya hadubini ya STM, ile inayopapasa uso wa kitu kwa ncha kali mpaka atomu zionekane. Nikajua ataniuliza vifaa viko wapi. Hakuuliza. Kafungua droo, katoa mkasi. Mkasi wa kukatia karatasi, Kombo! Kaushika waya kwa koleo, akawa anauvuta huku anaukata mshazari, ukakatika tap. Kaufunga kwenye hadubini, kaweka grafiti, ile kaboni ya kwenye penseli, chini yake. Atomu hizo, zimejipanga safu kwa safu.

KOMBO: Papo hapo?

MWANAIDI: Papo hapo. Na mimi nina ncha za tangsteni nilizozichonga taratibu kwa umeme ndani ya maji ya sodiamu haidroksidi, nimezilaza kwenye kiboksi chake kama pete za harusi. Zinanipa ukungu mtupu.

KOMBO: (anacheka) Umeziacha hewani. Tangsteni hewani huvaa oksidi. Platini na iridiamu havina tabia hiyo, ndiyo maana watu wanaofanya kazi nje ya ombwe wanaupenda ule waya.

MWANAIDI: Najua. Kujua hakunipunguzii hasira.

KOMBO: Wasikilizaji wapya, kwa kifupi. Ncha hii haigusi uso. Inasogezwa mpaka pengo linakuwa chini ya nanometa moja, yaani sehemu ya milioni ya milimita, unaweka volti ndogo, na elektroni zinapenya pengo ambalo kwa fizikia ya darasani zisingelivuka. Mkondo huo mdogo ndio unaopimwa. Pengo likiongezeka kwa nanometa 0.1 tu, mkondo unashuka karibu mara 10.

MWANAIDI: Hapo ndipo mkasi unapookoka. Ule waya uliochanika, ukiuangalia kwa kikuzio, ni aibu tupu, makorongo na vilima. Lakini kati ya hivyo vilima kuna atomu moja iliyowatangulia wenzake. Walio nyuma yake kwa hizo nanometa 0.1 wanapata sehemu ya kumi tu ya mkondo wake. Kazi yote inafanywa na huyo mmoja.

KOMBO: Kama yuko mmoja.

MWANAIDI: Unaanza.

KOMBO: Wakiwa wawili wamelingana urefu je? Unapata kila kitu mara mbili, kitu na kivuli chake. Na usinipe grafiti kama shahidi. Grafiti inamsamehe kila mtu. Jirani kwa jirani, atomu za kaboni zimeachana kwa nanometa 0.142, lakini picha ya kawaida inakuonyesha vitone vilivyoachana kwa 0.246, maana nusu ya atomu hazijitokezi. Halafu wakati mwingine ncha imebeba kigamba cha grafiti, basi ni grafiti inasuguana na grafiti, na picha bado inapendeza! Huyo kijana wako hajathibitisha kitu.

MWANAIDI: Kathibitisha kwamba mkasi unatosha.

KOMBO: Mkasi na selotepu, ndiyo bajeti ya maabara yenu.

MWANAIDI: Selotepu usiitanie. Kila asubuhi tunabandika selotepu juu ya grafiti, tunabandua, uso mpya huo, bapa na safi. Watu wamefanya hivyo miaka na miaka na kuutupa ule utepe. Pale Manchester, wanafizikia Geim na Novoselov wakaamua kuangalia kilichobaki kwenye utepe. Mwaka 2004 wakatangaza grafini, tabaka moja tu la atomu za kaboni, mwaka 2010 wakapewa Nobel. Mali ilikuwa kwenye pipa la taka la watu wa hadubini.

KOMBO: Hiyo imeingia kwenye mada yangu ya pili, lakini umeiingiza kwa mlango wa nyuma. Turudi kwenye mada ya kwanza. Nyuso. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, maabara ya IBM, Rüschlikon karibu na Zurich, mwaka 1981 chombo, hii hadubini ya STM, kinafanya kazi. Nobel ni 1986, nusu yao wawili, nusu ya pili ikaenda kwa Ernst Ruska wa hadubini ya elektroni. Katikati hapo, mwaka 1983, wanatoa picha ya uso wa silikoni, ule wanaouita saba kwa saba kwa jinsi mpangilio wa atomu zake unavyojirudia. Wanafizikia walikuwa wamebishana juu yake miaka mingi.

MWANAIDI: Na ile picha waliipataje? Haikuchorwa kwenye skrini. Kalamu ya kinasa ilichora mstari mmoja mmoja kwenye karatasi, kisha mistari ikaunganishwa kupanga ile sanamu ya uso.

KOMBO: Usiseme.

MWANAIDI: Karatasi, mistari, kuunganisha. Mimi simtaji mtu, ila naona kuna kifaa hakikuwa mbali na ile meza.

KOMBO: Sasa kila kitu ni mkasi! Hata Nobel!

MWANAIDI: Nimesema simtaji.

KOMBO: Sawa, lakini umenipa nilichokuwa nakitafuta. Ile picha ilionyesha vinundu 12 katika kila kipande kinachojirudia. Vizuri. Lakini muundo kamili, nani kakaa wapi, ulikuja mwaka 1985 kwa Takayanagi na wenzake, kwa mtawanyiko wa elektroni. Njia nyingine kabisa. Ncha peke yake haikumaliza mjadala. Na ndicho ninachosema: picha iliyotoka kwenye ncha usiyoijua umbo lake haijawa ushahidi mpaka njia ya pili iseme nayo.

MWANAIDI: Nakataa.

KOMBO: Unakataa nini hapo?

MWANAIDI: Nakataa mpangilio wako wa mambo. Vile vinundu 12 vilitangulia. Watu waliona kwanza, wakajua muundo gani wautupe na upi wauweke. Ungekuwa mlangoni mwaka 1983 ungewaambia wasichapishe mpaka waijue ncha yao.

KOMBO: Ningewaambia waandike kwa unyenyekevu. Chukua DNA. Mwaka 1989 zinatoka picha za DNA juu ya grafiti, msokoto unaonekana, dunia inashangilia. Mwaka 1991 Clemmer na Beebe wanaonyesha kwamba grafiti tupu, bila tone la DNA, kwenye kingo na mipasuko yake inakupa misokoto ileile.

MWANAIDI: Na Beebe huyo ni nani? Ni huyohuyo aliyeongoza makala moja ya DNA ya 1989. Yeye na mwenzake ndio walioonyesha. Tena kwa hadubini ileile! Hawakwenda kutafuta njia ya pili. Waliangalia grafiti tupu, basi. Na kosa halikuwa la ncha, lilikuwa la uso. Ushahidi wako unanitetea mimi.

KOMBO: Unanitetea mimi! Picha ilikuwa safi na ilikuwa haina maana.

MWANAIDI: Haikuwa na kipimo cha kulinganisha. Ndiyo dawa: pima kitu unachokijua, pima uso mtupu, geuza mwelekeo wa kupapasa, badilisha ncha, uone kinachobaki. Tunavyofanya kila siku. Ukisubiri kuijua ncha atomu kwa atomu hutapima kitu.

KOMBO: Lakini inawezekana kuijua! Mtafiti aitwaye Leo Gross na wenzake, Zurich hukohuko, mwaka 2009. Wanatumia hadubini ya nguvu, ile Binnig, Quate na Gerber waliyoitoa mwaka 1986, inayopima msukumo badala ya mkondo. Baridi ya kelvini chache juu ya sifuri. Wanaokota molekuli moja ya monoksidi ya kaboni, inakaa mwisho wa ncha, oksijeni ikitazama chini. Sasa wanajua ncha ni nini. Na pentasini, molekuli ya pete za kaboni zilizopangwa mstari, inaonekana pete zake zote 5. Hiyo ndiyo kazi.

MWANAIDI: Na ile monoksidi ya kaboni inainama.

KOMBO: Inainama kidogo.

MWANAIDI: Inainama, na ikiinama inavuta picha, baadhi ya vifungo vinaonekana virefu kuliko vilivyo, na mistari inajichora vikali kuliko ukweli. Kwa hiyo umeijua ncha, na bado inakudanganya. Umefaidika nini?

KOMBO: Nimefaidika kujua inanidanganya kwa namna gani! Naweza kukokotoa. Wewe na mkasi wako mnakokotoa nini?

MWANAIDI: Njoo kwenye molekuli za viumbe uone. DNA juu ya mika, madini yenye uso bapa, tumeweka magnesiamu kidogo ishike, maana mika na DNA zote zina chaji hasi. Hadubini ya nguvu. Msokoto una upana wa nanometa 2, picha inakupa 10 au zaidi, kwa sababu ncha yenyewe ni nene. Watu wa biolojia wanajua hilo na wanafanya kazi. Wanahesabu urefu, wanaona protini imekaa wapi. Hakuna anayelia kuhusu upana.

KOMBO: Kwa sababu kimo ni salama.

MWANAIDI: Kimo! Hewani mara nyingi DNA inatoka chini ya nanometa 1. Kimo nacho kinadanganya.

KOMBO: Basi upana uongo, kimo uongo, na wewe bado unaniambia niiamini.

MWANAIDI: Naiamini kwa kile inachoweza kusema.

KOMBO: Na nani anaamua inachoweza kusema? Mwenye kuitengeneza?

MWANAIDI: Mwenye kuitumia kwa muda mrefu. Ndiyo.

KOMBO: Hapo hatutaelewana.

MWANAIDI: Hatutaelewana, na sirudi nyuma.

KOMBO: Wala mimi. Fundi ananionyesha saa. Ngoja... zimebaki dakika mbili? Mada ya pili sijaigusa. Eigler na Schweizer, atomu 35 za zenoni juu ya nikeli, zimeandika herufi za IBM, nilikuwa na maelezo mazuri kabisa ya jinsi walivyozisogeza moja moja.

MWANAIDI: Wiki ijayo.

KOMBO: Wiki ijayo tuna mgeni. Na mafunzo matatu ya kuondoka nayo, niliyaandika...

MWANAIDI: Yaache. Zungumzia kazi ya Kanazawa, Japani, tu, ile ya miosini, protini inayotembea.

KOMBO: Kwa dakika moja? Haya. Toshio Ando na wenzake, mwaka 2010, hadubini ya nguvu ya kasi, protini ikiwa majini, hai. Miosini ya tano inatembea juu ya uzi wa aktini, mguu mmoja mbele ya mwingine, kila hatua nanometa 36 hivi, na unaiona inatembea kweli.

MWANAIDI: Na ncha yao waliijua atomu kwa atomu?

KOMBO: Zile hatua zilikuwa zimeshapimwa kwa njia nyingine kabla!

MWANAIDI: Lakini ule mguu unavyoinuka na kurushwa mbele...

KOMBO: Fundi, zima. Zima kabla hajamaliza.