Wakati ujao wa Kihispania: hapa hukati kitu

BARAKA: Haya tumerudi, leo ni wakati ujao, afu nimesikia ndo rahisi kuliko zote, sasa dada Neema sijui kama ni kweli au tunapigwa kamba.

NEEMA: Kweli kaka. Wakati uliopo unakumbuka tulikuwa tunakata, hablar unatoa -ar ndo unapachika. Huku kitenzi kinabaki kizima, unaongeza tu kwa nyuma: hablaré, nitaongea.

BARAKA: Na hizi za -er na -ir?

NEEMA: Hivyo hivyo! Comeré, nitakula, viviré, nitaishi. Yo hablaré, tú hablarás, ella hablará, nosotros hablaremos, vosotros hablaréis, ellos hablarán, na hiyo vosotros, yaani ninyi, ukiwa Amerika Kusini isahau, wao wanasema ustedes hablarán basi.

BARAKA: Ila naona kale kamkwaju ka juu kapo kote isipokuwa hablaremos.

NEEMA: Pale mkazo unaangukia kwenye e wenyewe, hakahitajiki. Kwingine usikaache aisee, maana hablara bila mkwaju ni habari nyingine, ni ile ya "kama angeongea", na mkazo unarudi kwenye bla.

BARAKA: Sasa hii é imetokea wapi?

NEEMA: Kilatini. Walikuwa wanasema cantare habeo, yaani nina la kuimba, habeo ikasagika weee mpaka ikabaki é. Ndo maana ukichukua haber, ambayo ndo hiyo habeo kwa Kihispania, he, has, ha, hemos, han, unaona kabisa ni mikia ile ile. Tena Kihispania cha zamani walikuwa wanavitenganisha, wanachomeka neno katikati, dar te he, leo ni te daré, nitakupa.

BARAKA: Kumbe kama -ta- yetu ilivyotoka kwenye taka.

NEEMA: Eeh, kitenzi kimezeeka kikawa kiambishi. Na kuna kingine tunafanana nao, hiki ndo nakipenda. Mtu akikuuliza Juan yuko wapi, unajibu estará en casa.

BARAKA: Atakuwa nyumbani.

NEEMA: Umeona! Sio kesho, ni sasa hivi, ila unakisia. Serán las tres, itakuwa saa tisa hivi. Vivirá por aquí, atakuwa anaishi maeneo haya haya. Na ukweli ni kwamba kwenye maongezi mipango ya kesho wengi wanasema tu voy a comer, naenda kula, voy a hablar, naenda kuongea, hasa Amerika Kusini, kwa hiyo hii ya mkwaju mtaani utaikuta sana kwenye kukisia.

BARAKA: Sasa nikisikia Juan comerá najuaje, atakula au atakuwa anakula?

NEEMA: Angalia jirani zake. Comerá mañana, hiyo ni kesho. Umempigia simu hapokei, mtu anakwambia estará comiendo, basi huyo yuko mezani muda huu.

BARAKA: Na tener, kuwa na kitu, mbona niliona tendré, hiyo e imeenda wapi?

NEEMA: Hiyo ni mkorofi, ziko kama kumi na mbili hizo, hacer, decir, salir na wenzao. Wiki ijayo.